Nimeapa Nikaha Haifungwi Hadi Taa ya Injini Izimike

Kwako Bi Radhiya, mwenye ukurasa wa kutatua mashaka ya nyumba,

Baada ya salamu zinazostahiki cheo chako na cha wasomaji wako, naleta mbele yako shauri ambalo kwa kulitazama juu juu litaonekana kuwa la gari, na huenda msaidizi wako akataka kulitupa kwa kudhani limekosea mlango. Lakini namsihi asilitupe, kwa sababu ndani ya shauri hilo imo arusi ya binti yangu wa pekee, na kimo kiapo nilichokitoa hadharani, na vitu hivyo viwili sasa vimekwamana, haviendi mbele wala havirudi nyuma. Sitaki jina langu lifichwe, maana sijatenda la kuaibisha.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, na nina duka la vifaa vya vyombo vya baharini, yaani misumari, kamba, rangi, pamba ya kalafati, na sifa, yale mafuta ya papa ambayo mbao za mashua hupakwa ili zisiliwe na maji. Marehemu baba yangu alikuwa muundaji mashua huko Matondoni, na ingawa mimi sikushika tezo, nilirithi kwake elimu ya kuhifadhi chombo, na shule niliyoikosa utotoni nimejisomea mwenyewe hata leo watu wenye vyeti huja dukani kuniomba niwatungie barua za maofisini. Kwa kuwa kisiwani kwetu gari halina ndia ya kupita, gari langu, ambalo ni steshenwagini kuukuu nililolinunua kwa ajili ya safari za shamba langu lililoko Hindi, kijiji cha upande wa bara, hukaa ng'ambo, Mokowe, chini ya banda la makuti karibu na gati, ubavuni mwa kibanda cha chai cha bwana mmoja aitwaye Ndirangu, nami huvuka kila Alhamisi kwenda kulitazama, kuliwasha na kulihudumia, kama mtu anavyomtazama mzazi aliye mbali.

Naomba izingatiwe namna nilivyolitunza, kwa sababu wapo watakaotaka kusema kwamba kosa ni langu. Upepo wa gatini una chumvi, na chumvi hula chuma, na wenye magari wote wa Mokowe wanajua hivyo na hawafanyi lolote, wameketi wanatazama magari yao yakigeuka kutu, ilhali mimi peke yangu, kwa ile elimu ya baba, nimechukua burashi na kopo la sifa safi ya dukani kwangu, nikafungua boneti, nikaipaka injini nzima, na nyaya zake zote, na viungio vya nyaya hizo, na kila kona ambayo burashi ilifika, nami huirudia kazi hiyo kila baada ya muda bila uvivu. Ndirangu, ambaye ni mtu wa bara, aliwahi kuniambia, "Mzee, hii gari yako inanuka kama omena ya jana, wateja wangu wananiuliza kama nimeanza kuuza samaki." Nami nikamjibu kwa upole kwamba harufu hiyo ni harufu ya hifadhi, na kwamba kwao hawaijui bahari, basi asiifundishe Lamu mambo ya chumvi.

Sasa naingia katika shauri lenyewe. Binti yangu Huwaida, mwalimu wa chekechea, aliposwa na kijana aitwaye Yassir, mwalimu pia, ambaye kwao ni Hindi. Nilimkubali kijana huyo si kwa furaha kubwa bali kwa kutoona sababu ya kumkataa, na ilipopangwa siku ya wazee wao kuja kwetu kukata shauri la siku ya nikaha, mimi kwa ukarimu wangu nilimpa Yassir ufunguo wa gari ili awachukue wazee hao Hindi na kuwafikisha gatini Mokowe kwa heshima, nami nikavuka na boti kuwapokea pale ili twende Lamu pamoja. Gari lilifika baada ya swala ya alasiri. Kabla wazee hawajamaliza kushuka, Yassir alinijia mbio na ufunguo mkononi, akasema, "Mzee, sijakupa ufunguo bado, nataka nikwambie kwanza. Tulipotoka Hindi imewaka taa ya injini, ile ya manjano. Gari halikuchemka, nimetazama geji ya joto, nimetazama na oili. Lakini taa imekataa kuzimika."

Nikamuuliza, "Umelifanya nini gari langu?"

"Sijalifanya kitu, mzee. Imewaka tu."

"Taa haiwaki tu," nikamwambia. "Hata kibatali huwashwa na mtu."

Hapo wapagazi wa gatini, watu wasio na adabu, wakaangua kicheko, na mmoja wao akapaza sauti, "Mzee, huyu mkwe bora! Amekuletea umeme kabla ya mahari!" Nami nikiwa katika hali hiyo ya kudhalilishwa, mzee wao mkubwa, Bwana Kamaludin, ambaye ni ami yake Yassir, badala ya kumkemea kijana wake, alinigeukia mimi na kuniambia kwa lugha ya kikwetu kabisa, "Bwana Mselem, sisi tumekuya kutaka siku ya nikaha, hatukuya kukagua gari." Maneno hayo yalinichoma. Nikaapa mbele yao, na mbele ya wapagazi, na mbele ya Ndirangu aliyekuwa ameshika birika, kwamba wallahi nikaha ya binti yangu haitafungwa hadi taa hiyo izimike. Wazee wakatazamana, wakakunja kanzu zao, wakarudi Hindi juu ya pikipiki za kukodi, na boti niliyowawekea ikarudi Lamu na mimi peke yangu.

Nisionekane kuwa mtu wa kukaa na ghadhabu bila kutafuta dawa, nilimwita Barka, fundi wa injini za maboti ya hoteli za Ras Kitau, mtu ambaye amefungua injini nyingi kuliko milango ya nyumba yake. Barka alisema, "Injini ni injini," akafungua boneti, akachomoa waya wa betri, akaenda kwa Ndirangu kula mahamri na mbaazi, akarudi, akaurudisha waya, akawasha, na taa haikuwapo. Nilifurahi, nikautangaza uzima wa gari, nikatuma habari Hindi kwamba kiapo kimetimia, na mke wangu Umulkheir akaanza kuita jamaa. Alhamisi iliyofuata nilikwenda shambani, na nikiwa njiani kurudi na magunia ya mahindi, ile taa ikawaka tena, na nilipokanyaga mafuta ili gari livute, injini ikatetemeka kama mtu mwenye homa, na taa nayo ikaanza kupepesa, ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, kana kwamba inanikonyeza kwa kunidharau. Nikakumbuka kwamba siku mbili kabla ya hapo Yassir alipita Mokowe kuja Lamu, na kwamba Ndirangu alimwona akisimama karibu na banda. Nikaivunja arusi mara ya pili.

Barka, nilipomwita tena, alinipa shauri ambalo naona haya hata kuliandika. "Bwana Mselem, bandika pilasta nyeusi juu ya hiyo taa, usiione, uozeshe, tule biriani." Nikamwambia kwamba sikumwapia Mungu kiapo cha pilasta, na sijapata kumwita tangu siku hiyo.

Zipo dalili nyingine ambazo mtu mwenye akili hawezi kuzipuuza. Paka wa Mokowe, ambao zamani walikuwa wakilala ovyo kote gatini, sasa wamehamia kwenye gari langu. Wako juu ya boneti, wako chini ya injini, na mmoja amezalia penye gurudumu la mbele, na nikiwafukuza hurudi kabla sijamaliza kutikisa mkono. Hakuna gari jingine linalofuatwa hivyo. Nami nauliza, ni nini hicho kama si jambo lililowekwa? Nimetundika hirizi kwenye kioo, na paka hawakujali.

Yassir kwa upande wake ametuma salamu kupitia binti yangu, kwamba niruhusu alipeleke gari Mpeketoni kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, mwenye mashine ambayo eti huchomekwa chini ya usukani na kusoma gari lina kasoro gani. Nimekataa. Kwanza, sijapata kusikia chombo kilichosomwa kama gazeti. Pili, kumpa mtuhumiwa ushahidi auchukue na kuupeleka mbali ni jambo ambalo hakuna baraza litakaloliafiki.

Nyumbani mambo yameharibika. Mke wangu, ambaye kwa miaka mingi tumeishi kwa staha, aliniuliza mbele ya jirani, "Mselem, weye waozesha mwana au waozesha taa?" na tangu hapo ameacha kuniuliza lolote. Huwaida huniletea chai kwa mkono wa kulia kama adabu itakavyo, lakini hanitazami, na neno la mwisho aliloniambia ni, "Baba, mimi sina taa ya kukuzimia." Sasa akitoka kazini huingia chumbani mwake moja kwa moja, na mlango hufungwa kwa ndani.

Kwa hivyo naomba fatwa yako ya busara juu ya njia ya kumfanya kijana Yassir akiri alilolitenda, ili taa izimike, kiapo kitimie na binti yangu aolewe kwa utaratibu. Na ikiwa kwa rai yako ninastahili kuendelea kumzuia hadi akiri, naomba uliseme hilo waziwazi ukurasani, maana mke wangu husoma ukurasa wako kuliko anavyonisikiliza mimi.

Wako katika kutafuta haki,
Mselem, Langoni, Lamu.


Bi Radhiya anajibu:

Bwana Mselem, kama mke wako anasoma, na asogee karibu, maana leo nina maneno yake pia. Bi Umulkheir, pole. Na wewe Bwana, keti.

Umetaka niseme waziwazi. Nasema waziwazi kwamba katika miaka yote ya ukurasa huu nimesoma barua za akina baba walionyima watoto wao ndoa kwa sababu ya kabila, ya ukoo, ya rangi, ya shamba, na ya ndoto iliyootwa na shangazi. Wewe ni wa kwanza kunyima kwa sababu ya gari. Umeingia katika daraja lako peke yako, na sioni wa kukushindania.

Nikwambie kwanza taa hiyo ni nini, kwa kuwa umeiapia bila kuijua. Mimi naendesha gari kuukuu kuliko lako, na taa hiyo imenitia adabu zaidi ya mara moja. Gari lako lina kompyuta ndogo inayochunga injini: inachunga petroli inavyoungua, moshi unavyotoka, joto, hewa. Ikiona jambo lisilo sawa, inaliweka katika kumbukumbu yake na kuwasha taa ya manjano ili mwenye gari aende akaulize kulikoni. Basi. Ni taa ya kukuita. Gari linakuita kwa adabu, nawe umejibu kwa kuvunja arusi.

Rafiki yako Barka alipochomoa betri hakutibu kitu. Aliisahaulisha kompyuta. Ni kama kumpiga mgonjwa kofi ili asahau alikuwa anaumwa wapi. Ataondoka kimya, na akifika nyumbani maumivu yatamkumbusha. Ndiyo maana taa ilikaa siku chache ikarudi: kompyuta ilichunga upya, ikaiona kasoro ile ile pale pale ilipoachwa. Barka na aendelee na maboti ya Ras Kitau, na mahamri ya Ndirangu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa hakuna mzaha. Taa ikiwaka imetulia, unaweza kwenda taratibu hadi kwa fundi. Taa ikipepesa, na injini ikitetemeka, unasimama. Haikuwa inakukonyeza, Bwana. Ilikuwa inakupigia kelele. Maana yake ni kwamba sehemu moja ya injini haiwaki, na petroli ambayo haikuungua inatoka mbichi na kwenda kuungua kwenye bomba la moshi, ambako kuna kichujio ambacho kikishaungua hutaisahau bei yake maisha. Wewe ulikanyaga mafuta zaidi, na magunia nyuma. Lisiendeshwe tena. Livutwe.

Tuje kwenye sifa. Hapa nilipofika katika barua yako niliweka miwani chini.

Bwana Mselem, wewe unauza sifa. Unajua inatoka kwenye ini la papa. Unajua inanuka hadi mtaa wa pili. Mtu wa bara mwenye birika amekwambia inanuka samaki, ukamjibu kwamba hajui bahari. Umechukua mafuta ya samaki, umeyapaka kwenye nyaya, umeyarudia bila uvivu kama ulivyosema, ukaliegesha gari ubavuni mwa kibanda kinachomwaga makombo ya mahamri, kisha unaniuliza mimi kwa nini paka wamekuja! Hawakuletwa na jambo lililowekwa. Jambo uliliweka wewe kwa burashi.

Na paka hao, japo nawasifu kwa kutoijali hirizi yako, si tatizo lako. Tatizo lako ni yule ambaye paka hao wamemfuata. Pale penye harufu ya samaki na makombo ya chai, panya hafiki wa mwisho. Paka analala juu ya boneti kwa kuwa anajua nani yumo chini yake. Panya anapenda waya hata usiopakwa kitu. Wewe umeupaka kitoweo. Atakuwa ametafuna nyaya hadi shaba imeonekana, na waya uliotafunwa unagusa usipopaswa kugusa, au unakatika gari likitikisika, kisha unashika tena. Ndiyo maana kasoro inakuja na kuondoka. Sifa inafaa mbao, Bwana, kwa sababu mbao huinywa. Waya hauinywi. Inaganda kwenye viungio, inashika vumbi, na karibu na bomba la moto inaweza hata kuwaka. Baba yako, Mungu amrehemu, alijua mashua. Hakukwambia upake redio.

Mimi sijaiona injini yako, na tofauti yangu na wewe ni kwamba jambo nisiloliona siliapii. Huenda ni panya, huenda ni plagi iliyochoka, huenda ni koili, huenda hata ni kifuniko cha tangi la petroli hakikukazwa na panya akaongeza yake. Ndiyo maana kuna mashine. Hiyo mashine unayoicheka haina uchawi: inasoma kile kompyuta ilichokiweka, inamwambia fundi atafute upande gani. Haimwambii nani mwizi, na wala haimwambii anunue nini. Fundi mwenye akili hutazama kwanza nyaya za upande huo kabla ya kubadilisha chochote. Na wewe, kabla ya gari kuondoka bandani, injini ikiwa baridi, mchana kweupe, fungua boneti, utafute mavi ya panya na nyaya zilizoumwa. Tumia macho. Pua yako nakubali imeshastaafu. Na mtu yeyote asichomoe betri tena kabla mashine haijasoma, maana akichomoa atakuwa amefuta hata kile kidogo ambacho gari lilitaka kusema.

Nimemaliza gari. Sasa nakuja kwako.

Unataka Yassir akiri. Akiri nini? Kijana alikuwa na gari lako, na wazee wake ndani, na posa mezani. Taa imewaka njiani. Angeweza kunyamaza, akazima injini, akakupa ufunguo na tabasamu, nawe ungeigundua Alhamisi ukamlaumu Ndirangu. Hakunyamaza. Alikujia kabla hata wazee hawajashuka, akakwambia taa imewaka, akakwambia ametazama joto, akakwambia ametazama oili. Bwana Mselem, hiyo ndiyo amana tunayowahubiria vijana kila Ijumaa, na siku ilipokuja mbele yako na ufunguo mkononi, uliiita hatia. Ungetaka mkwe wa namna gani? Wa kuficha? Basi umemfundisha: siku ambayo binti yako atakuwa mgonjwa nyumbani kwake, Yassir atafikiri mara mbili kabla ya kukwambia.

Na alipopita karibu na banda, alikuwa anapita. Gati ni moja. Ulitaka avuke kwa kuogelea?

Nitakupa jambo moja, kwa kuwa ni haki yako: ulikataa pilasta. Mtu mwingine angeibandika, akala biriani, akajiita mjanja. Wewe hukutaka kumdanganya Mungu, na kwa hilo nakuheshimu. Lakini ukishakataa kumdanganya Mungu, usimtwike na hasira zako. Kiapo chako kilitoka kwa sababu wapagazi walicheka. Si kwa dini. Walicheka, nawe ukamlipisha Huwaida. Nenda kwa sheikh wa msikiti wako leo, umweleze maneno kama yalivyokuwa, bila kuyapamba. Atakwambia yale uliyoyasikia tangu utotoni: mtu akiapa, kisha akaona heri iko kwingine, huifuata heri na kukitolea kafara kiapo. Lisha masikini kumi. Walishe vizuri, wala usiwape mahindi yale ya gari.

Gari mpe Yassir. Ndiyo, yeye. Na alivute hadi Mpeketoni kwa huyo fundi, wewe ukiwa umekaa mbele naye, kimya, njia nzima. Fundi asafishe sifa yote, aunge nyaya, asome, atengeneze, asome tena. Kisha litafutie gari mahali pakavu mbali na makombo, na duka lako liendelee kuuza sifa kwa wenye mashua. Kwa Bwana Kamaludin usitume salamu. Nenda Hindi kwa pikipiki ya kukodi, na kanzu umeikunja, ujue njia ile ina vumbi kiasi gani kwa mtu mzima, na ukifika umwombe radhi mbele ya wazee wale wale. Maneno machache. Barua nzuri unajua kuandika. Safari hii nenda na mdomo.

Mwisho, jambo ambalo naona hakuna aliyekwambia, kwa sababu nyumbani kwako wameshachoka kukwambia. Umeandika kama kwamba ufunguo wa ndoa hii uko mfukoni mwako hadi utakapopenda. Hauko. Wewe ni walii wa Huwaida, na uwalii ni amana, si kufuli. Baba akimzuia binti yake kuolewa na mtu anayemfaa, bila sababu ya kisharia, binti ana haki ya kwenda kwa Kadhi, na Kadhi akiridhika humwozesha yeye. Ofisi haiko mbali na Langoni. Huwaida ni mwalimu, anajua kuuliza. Na huenda ule mlango unaofungwa kwa ndani si wa mtu anayelia. Huenda ni wa mtu anayejiandaa.

Atafika pale, atakaa na shela yake na adabu yake, na Kadhi atamuuliza kwa upole, "Binti, baba yako amekataa kwa sababu gani?" Naye hatasema uongo, maana umemlea vizuri. Atajibu, "Taa ya gari." Kadhi atamtazama karani, karani atatazama sakafu, na nikaha itafungwa. Lamu nzima itakula pilau. Utaulizwa hadi kufa kwako ulikuwa wapi siku ya arusi ya mwanao wa pekee, na hutakuwa na sentensi hata moja iliyotungwa vizuri ya kuwajibu.

Basi kabla hajatia baibui, piga hodi mlangoni kwake jioni ya leo. Usimweleze habari za injini. Mtajie siku ya nikaha, kisha umuulize kama inamfaa.